Tujuliane Hali Kabla ya Kuulizana Mzigo

 

Wiki hii tumependelea kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa ni la maofisini tu, ilhali limekwishaingia ndani ya nyumba zetu. Nalo ni uhusiano wa kiutu baina ya watu wafanyao kazi moja lakini hawakai pahala pamoja. Zamani mtu aliposema "wenzangu wa kazini" alikuwa na maana ya watu anaowaona kila asubuhi, anaowatambua kwa kikohozi na kwa mwendo kabla hata hawajafungua mlango. Leo yuko kijana wa Dar es Salaam anayefanya kazi kwa kompyuta akiwa sebuleni kwa wazazi wake, mwenzake yuko Nairobi, mkuu wao yuko London, na wote watatu hawajapata kushikana mikono. Yuko pia baba ambaye siku nyingi za mwezi yuko barabarani na lori, na yule anayempangia safari amekaa mezani umbali wa siku tatu au nne za mwendo. Hawa wote ni kundi moja la kazi. Swali letu ni hili: je, wanajuana, au wanapelekeana kazi tu?

Tumelazimika kujiuliza swali hili kwa sababu ya usiku mmoja tuliolala Benaco.

Sauti ambayo haikuwa yake

Kwa msomaji asiyepajua, Benaco ni mji mdogo wa barabarani katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Lori litokalo bandari ya Dar es Salaam hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, likaingia wilaya ya Biharamulo kwa njia ya Lusahunga na Nyakahura, ndipo likafika Benaco baada ya safari ipatayo kilomita 1,300. Maeneo hayo ndipo njia zinapoachana, wengine wakishika ya Rusumo kuelekea Rwanda na wengine ya Kabanga kuelekea Burundi. Kwa hiyo usiku malori hujipanga, mama lishe huinjika vyungu, na madereva hukaa kwenye mabenchi wakinywa chai na kungojea asubuhi.

Tulikuwa tumetoka Ngara mjini kwa shughuli ya mihadhara. Baada ya swala ya Isha tuliketi na baadhi ya madereva, na mmoja wao, mtu wa makamo mwenye mvi za kidevuni, alikuwa amejitanda koti zito ingawa wenzake walikuwa na fulana tu. Simu yake iliita mara tatu katika muda wa saa moja, na kila mara tulisikia jibu lile lile: "Nimekaribia, bosi. Nimekaribia." Ilipoita mara ya tatu tukamuuliza kama anaumwa.

"Homa, Shehe. Tangu Kahama."

"Mbona hukumwambia huyo anayekupigia?"

Akatutazama kana kwamba tumeuliza jambo la ajabu. "Hakuniuliza, Shehe. Yeye huuliza, umefika wapi. Nami namjibu nilipofika."

Kisha akatusimulia habari za mtu mwingine. Huyo ni wakala wa forodha aliyeko mpakani, ambaye wamefanya kazi naye kwa simu kwa muda wa miaka mitatu bila ya kuonana uso kwa uso, maana kila mara hati zilikuwa zikipokewa na kijana wa ofisini. Jioni ile wakala alikuwa amempigia kuhusu hati za mzigo, na kabla hajazitaja alisema, "Mzee wangu, leo sauti hii si yako. Una nini?" Dereva akamwambia ukweli. Wakala akamtaka asiliteremshe lori Rusumo usiku ule, akampigia mhusika wa Dar es Salaam kumweleza kwamba hati hazitakamilika kabla ya adhuhuri kwa hiyo hakuna haja ya haraka, kisha akampeleka kijana wa bodaboda na dawa.

Wenye kuijua njia ya kuteremka Rusumo, jinsi inavyojipinda kwenye milima hadi kwenye mto Kagera, wanafahamu maana ya kuishika njia hiyo usiku, na tani za mzigo mgongoni, ilhali macho yanaungua kwa homa. Huenda dereva yule angefika salama. Na huenda tungelisoma gazetini habari za ajali, ikaandikwa kuwa chanzo ni mwendo kasi.

Ndugu msomaji, watu wawili walimpigia simu mtu mmoja jioni moja. Wote wawili walikuwa mbali naye, na wote wawili walikuwa na haki ya kuulizia mzigo. Tofauti yao ilikuwa ni neno moja lililotangulia. Na tuzingatie hili: lori lile lilikuwa limefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo kwa satelaiti, kwa hiyo aliyekuwa Dar es Salaam alikuwa akiliona kwenye kompyuta yake kwamba limesimama Benaco. Kifaa kilijua gari liko wapi. Hakikujua dereva yu hali gani, na wala hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ardhi hii imekwishatufundisha

Ni ajabu kwamba jambo hili tulikumbushwa pahala pale, kwa kuwa Benaco ina historia yake katika mlango huu. Jina lenyewe limetokana na kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda mwezi Aprili 1994, haukupita mwezi mmoja kabla ya jina hilo kutajwa duniani kote. Katika muda wa saa 24 hivi, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda waliokadiriwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Miongoni mwao walikuwemo waliokimbia mauaji na walikuwemo pia waliokuwa wameyatenda. Kwa muda fulani Benaco ilihesabiwa kuwa kambi kubwa kuliko zote za wakimbizi duniani.

Waliokwenda kuwahudumia watu wale walitoka nchi nyingi na mashirika mengi: huyu wa maji, yule wa chakula, mwingine wa hospitali. Hawakuwa na simu za mkononi wala intaneti. Walitegemea redio za mawasiliano. Na katika mashirika ya misaada iko desturi ambayo hata leo inafuatwa sehemu za hatari: kwa saa maalumu kituo kikuu humwita kila mfanyakazi mmoja mmoja kwa jina lake la redio, naye hujibu kwamba yupo na yu salama. Asiyejibu hutafutwa. Hapo hapaulizwi amegawa magunia mangapi. Panaulizwa kama yupo.

Liko na jambo la pili, zito zaidi. Katika misukosuko ile, ndani ya Rwanda na katika nchi jirani, watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa kuwa wametengana na wazazi au walezi wao. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikishirikiana na UNHCR, UNICEF na mashirika mengine ilianza kazi ya kuwatafutia jamaa zao. Tuifikirie kazi hiyo ilivyokwenda. Mfanyakazi aliyeko kambini anaketi na mtoto, anaandika jina lake, jina la baba, mlima waliokuwa wakiishi, na chochote ambacho mtoto anakikumbuka. Karatasi inasafiri. Upande wa pili wa mpaka mfanyakazi mwingine, ambaye pengine hatamwona kamwe yule wa kwanza, anaupanda mlima huo kwa miguu na kuuliza nyumba kwa nyumba. Kama yule wa kambini angeandika nambari tu kwa kuwa ana haraka, huyu wa mlimani angetafuta nini?

Pamoja na hayo palikuwa na barua za Msalaba Mwekundu. Hizo ni karatasi zisizofungwa kwa gundi, za kuandikiana jamaa waliotenganishwa na vita, na sharti lake ni kwamba yaandikwe mambo ya familia tu. Hapaandikwi siasa wala habari za majeshi. Nani yu hai, nani yuko wapi, nani amezaliwa, nani amefariki. Watu waliokuwa wamepoteza kila kitu walitembea hadi kwenye kituo na kungoja kwa saa nyingi ili wapate karatasi moja yenye habari kama hizo. Basi sisi ambao tuna simu mifukoni mwetu, tunaona uzito gani kuuliza "hujambo"?

Kambi zile za Wanyarwanda zilifungwa baada ya serikali ya Tanzania na UNHCR kutangaza kuwa wakimbizi hao warejee kwao kabla ya mwisho wa mwaka 1996, na mwezi Disemba mwaka huo karibu watu nusu milioni walirudi kwa njia ile ile ya Rusumo. Wakimbizi waliondoka, na jina la Benaco likabaki kwa mji wa malori.

Mwaka ambao dunia nzima ilikaa mbali

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19, ofisi nyingi duniani ziliwaambia watu wakafanyie kazi majumbani. Wengi walidhani hilo ni jambo jipya kabisa. Madereva wa Benaco wangeweza kuwaambia kuwa wao walikuwa wakiishi hivyo siku zote, na kwamba mwaka huo huo walionjeshwa kitu kigumu zaidi. Rwanda, kwa kuhofia maambukizi, ilitaka dereva akifika Rusumo amkabidhi dereva mwingine gari lake. Madereva walilalamika na malori yakakwama, hadi mwezi Mei 2020 viongozi wa nchi hizi mbili walipokaa na kukubaliana utaratibu wa kushushia mizigo mpakani. Mtu aliyekuwa na lori moja kwa miaka, akilijua linapougulia, aliambiwa alikabidhi kwa mtu asiyemjua na asiyeruhusiwa kumkaribia. Huo ndio umbali wa kikweli.

Hali kadhalika wataalamu wameyachunguza mambo haya, nasi hatuoni vibaya kuichukua elimu popote inapopatikana. Kampuni ya usafiri ya Ctrip ya China ilifanya jaribio mjini Shanghai kuanzia mwishoni mwa mwaka 2010 kwa muda wa miezi tisa. Wafanyakazi 249 wa kitengo cha simu waliokuwa wamejitolea waligawanywa kwa tarehe za kuzaliwa: waliozaliwa tarehe zinazogawanyika kwa mbili walifanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, na wengine wakabaki ofisini. Waliokaa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13. Lakini jaribio lilipokwisha na watu wakapewa hiari, takriban nusu ya wale wa nyumbani walirudi ofisini, na sababu kubwa waliyoitaja ni upweke. Kazi ilikuwa imeongezeka, ila mwenye kuifanya alikuwa peke yake.

Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2021 uliwaangalia wafanyakazi 61,182 wa kampuni ya Microsoft nchini Marekani katika miezi ya mwanzo ya kukaa nyumbani. Ulionyesha kuwa watu walizidi kuwasiliana na wale wale wa kikundi chao, na mafungamano yaliyokuwa yakiviunganisha kikundi hiki na kile yakapungua. Kwa maneno mengine, umbali haukumkatia mtu simu ya bosi wake. Ulimkatia ile salamu ya njiani, ya mtu wa idara nyingine waliyekuwa wakikutana naye kwenye birika la chai.

Na siri yote imo humo. Panapokuwa na ofisi moja, kujuliana hali huja bila ya kupangwa, kwa kuwa macho huona. Ukimwona mwenzako ameinamisha kichwa utamuuliza. Panapokuwa na umbali, kile kilichokuwa kikija chenyewe sharti kiletwe kwa makusudi. Asiyekileta atabaki na mzigo peke yake.

Adabu ya wazee wetu

Mtu asije akasema kuwa haya ni mambo ya kigeni. Wazee wetu wa pwani walifanya kazi na watu wa mbali kabla ya redio na simu. Katika karne ya 19 mfanyabiashara wa Unguja alikuwa na washirika wake Tabora, Ujiji, na hata Kafuro katika nchi ya Karagwe, ambayo haiko mbali sana na Ngara. Biashara ile ilikuwa na dhulma zake, ikiwemo dhulma kubwa ya utumwa, nasi hatuko hapa kuisifu. Tunachokitazama ni barua. Barua za Kiswahili za zama hizo, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zimehifadhiwa nyingi, na Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wake mwaka 1892. Mwandishi huanza kwa kumtaja mwenzake kwa heshima, humpa salamu, humjulisha hali yake na kumuulizia ya kwake na ya jamaa zake, na ndipo husema kwamba baada ya salamu anamwarifu jambo fulani la mali. Barua iliyochukua miezi kufika kwa miguu ya wapagazi ilikuwa na nafasi ya salamu. Ujumbe wa simu unaofika kwa sekunde moja ndio umekosa nafasi hiyo!

Na katika historia ya dini yetu imo habari mashuhuri ya safari ya Tabuk, mwaka wa tisa wa Hijra. Mtume (S.A.W.) alipofika huko, akiwa na jeshi kubwa na shida nyingi za safari, aliulizia habari za mtu mmoja aliyebaki Madina, Ka'b bin Malik. Mtu mmoja akajibu kwa kejeli kwamba kilichomzuia ni mavazi yake na kujiona. Mu'adh bin Jabal akamkemea msemaji huyo na kusema kwamba wao hawamjui Ka'b ila kwa kheri. Hapa tunajifunza mambo mawili. Kiongozi aliye mbali na mwenye mashaka mengi alimkumbuka asiyekuwepo kwa jina lake. Na mwenzake asiyekuwepo alipata mtu wa kumtetea. Sisi Waswahili tuna msemo kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Ni msemo wa kuonya, ila katika makundi yetu ya kazi tumeufanya kuwa sheria.

Kosa letu wenyewe

Isidhaniwe kuwa tunawanyooshea wengine kidole. Tumo katika kamati moja ya elimu ambayo wajumbe wake wako Dar es Salaam, Mwanza, Bukoba na Tanga, na mambo yetu yote tunayaendesha kwa kundi la WhatsApp. Mjumbe mmoja, mtunza hesabu wetu, alinyamaza kwa wiki tano. Tulimwandikia mara nne. Baada ya kurudi kutoka Benaco tulizifungua tena zile jumbe nne tukazisoma kwa mpangilio. Ya kwanza ilisema: tunangojea hesabu. Ya pili: tafadhali hesabu. Ya tatu ilikuwa na alama za kuuliza tu. Ya nne ilisema kwamba kama ameshindwa kazi aseme.

Tukampigia simu usiku huo huo. Mke wake ndiye aliyepokea. Mwenzetu alikuwa amepata kiharusi, na upande wake wa kulia ulikuwa hauna nguvu. Jumbe zetu alikuwa akizisoma, hakuwa akiweza kuzijibu. Bibi yule alisema kwa upole, "Shehe, alikuwa akisikitika kuhusu hesabu zenu." Wala hakusema zaidi ya hapo, na hakuhitaji kusema.

Watu kumi na mmoja katika kundi lile, wote wenye kuswali na kusoma, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Ndugu yetu, u mzima?" Si kwa sababu tulimchukia. Ni kwa sababu kila mmoja wetu alimwona kwenye simu kama jina lenye deni la hesabu.

Tufanye nini?

Baada ya maelezo hayo, tunapenda kuwausia wakuu wa kazi, wafanyakazi, na familia mambo yafuatayo.

Kwanza, neno la kwanza liwe la mtu na si la mzigo. Anayempigia mwenzake aliye mbali aulize hali na angojee jibu. Tunasema angojee, kwa sababu iko "hujambo" inayotupwa kama mtu anavyopiga honi, haina haja ya kujibiwa. Aliyesema "leo sauti hii si yako" alikuwa amesikiliza.

Pili, mwenye kueleza udhaifu wake asiadhibiwe. Dereva akisema anaumwa kisha akakatwa posho, hatasema tena, na wenzake wote watakuwa wamejifunza kunyamaza. Mkuu wa kazi anayejibiwa "nimekaribia" kila siku na ajichunguze, huenda ni yeye aliyewafundisha watu wake kumdanganya.

Tatu, kutazama kusichukue nafasi ya kuuliza. Siku hizi ziko programu za kuhesabu saa ambazo mtu ameketi mbele ya kompyuta, kama vilivyo vifaa vya kufuatilia malori. Mwenye mali ana haki ya kuilinda mali yake. Lakini mtu anayechungwa bila ya kujuliwa hali hujiona ni chombo, na chombo hakina uaminifu kwa mtu.

Nne, watu waonane. Kampuni ile ile ya China, ambayo sasa inaitwa Trip.com, ilifanya jaribio jingine lenye watu 1,612, kuhusu kukaa nyumbani siku mbili kwa wiki na ofisini siku zilizobaki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja bila ya kazi kudorora. Sisi hatuna uwezo wa kuwakutanisha watu wa Dar es Salaam na wa Rusumo kila wiki. Je, hata mara moja kwa mwaka? Nauli ya kumpeleka mpangaji wa safari akalale usiku mmoja Benaco na madereva wake ni ndogo kuliko gharama ya lori moja lililopinduka. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sauti ya mbali peke yake haijengi udugu.

Tano, asiyekuwepo atetewe. Mjumbe akinyamaza, wa kwanza kusema asiwe mwenye kumdhania uvivu. Mmoja wenu apewe jukumu la kumtafuta pembeni, si mbele ya kundi zima.

Sita, na hili ni la familia. Dereva yule wa Benaco, baada ya kumsema bosi wake, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Na mimi, Shehe, nikimpigia mama watoto nauliza ada imelipwa au bado." Hatukumjibu kitu, kwani alikwisha kujihukumu mwenyewe. Imepokewa katika vitabu vya historia kwamba Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) alimuuliza bintiye Hafsa ni muda gani mke anaweza kustahimili kuwa mbali na mumewe, kisha akawawekea askari wake kikomo cha kukaa vitani, mapokezi mengine yasema miezi minne, mengine sita. Kiongozi wa dola nzima aliona kuwa usingizi wa mke wa askari ni katika mambo ya kazi. Basi na mwajiri wa leo aone kuwa dereva ana nyumba, na dereva mwenyewe asiifanye nyumba yake kuwa ofisi ya malipo. Vivyo hivyo wazazi wenye kijana anayefanya kazi kwa kompyuta chumbani wasidhani kuwa kwa kuwa yumo ndani basi hayuko mbali. Agongewe mlango, aitwe kwenye sinia, aulizwe siku yake ilivyokwenda.

Huenda atatokea wa kutuambia kuwa kazi ni kazi, na kwamba salamu nyingi hupoteza wakati. Ni kweli kwamba ziko salamu za kupoteza wakati, na uko pia udadisi wa kuingilia siri za watu, ambao umekatazwa. Hatukusema mtu ahojiwe mambo ya nyumbani kwake. Kumuuliza mtu hali ni kumfungulia mlango. Kuingia au kutoingia ni hiari yake. Na kuhusu wakati, wakala yule wa Rusumo alitumia nusu dakika.

Mwenzetu wa hesabu, alhamdulillahi, sasa anatembea kwa fimbo na ameanza kuandika kwa mkono wa kushoto. Hesabu alizileta mwenyewe, akamtuma mwanawe azipige picha. Zilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Chini yake alikuwa ameandika salamu kwa kila mjumbe kwa jina lake, na kuulizia hali ya mama yetu mzazi, ambaye alijua alikuwa mgonjwa. Sisi tulikuwa hatukuwahi kumwambia kundini. Aliwahi kuuliza, siku nyingi nyuma, kwa simu, naye akakumbuka.

Ndugu msomaji, leo baada ya swala ya Ijumaa, kabla hujatuma agizo lolote kwa mtu wako aliye mbali, mtafute yule ambaye amekaa kimya kuliko wote. Usimuulize kazi. Kazi utamuuliza kesho.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi walioko barabarani na walioko ugenini, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuwakumbuka wasiokuwepo. Wabillahi tawfiq.